Kumtafuta Babu wa Marekani ya Zamani: Alikotoka, Alikopita, Alikozikwa

Mama mkwe wangu alinikabidhi mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na Biblia iliyong'oka jalada, barua tatu, na picha ya jiwe la kaburi ambalo maandishi yake yalishaliwa na mvua. Akaniambia, "Mwanangu, wewe una subira. Hawa wajukuu ni wa ukoo huu, watafutie." Ndivyo mimi, mtu wa Tanga niliyeolewa North Carolina, nilivyojikuta nakodolea macho hati za mashamba za mwaka 1753. Tangu hapo nimeombwa msaada na Waswahili wenzangu kadhaa wenye mke, mume au wajukuu wa huku. Maswali yao ni yale yale, basi nayajibu hapa kwa pamoja.

Nianze na kosa langu. Nilianzia kaburini. Nilikuta mtandaoni kaburi la mtu mwenye jina lile lile tulilokuwa tukilitafuta, nikashangilia, nikampachika kwenye mti wa ukoo. Miezi minne baadaye nikagundua kwamba yule bwana alifariki miaka miwili kabla "mwanawe" hajazaliwa. Marekani ya karne ya 18 ilijaa kina John, William na Thomas kama pwani yetu ilivyojaa kina Ali na Mohamed. Jina peke yake halikufikishi kokote. Kinachomtenga mtu na mwenye jina mwenzake ni njia: alitoka wapi, alifuatana na nani, alipita wapi, alinunua shamba kando ya mto gani. Shika njia kwanza, kaburi liwe la mwisho.

Mfano nitakaoutumia si ukoo wa mume wangu, maana hao wako hai na wana mambo yao. Nitautumia ukoo wa Daniel Boone, yule mwindaji na mfungua njia maarufu wa Kentucky. Kumbukumbu zao ziko wazi kwa kila mtu, njia waliyoipita ndiyo waliyoipita maelfu ya familia nyingine, na Boone mwenyewe, pamoja na umaarufu wake wote, hadi leo ana makaburi mawili yanayogombaniwa.

Hatua ya kwanza: rudi nyuma kizazi kimoja kimoja

Anza na walio hai. Kaa na bibi, shangazi, binamu wa mbali. Andika wanachokijua na nani alikisema. Usiruke. Ukitaka kuthibitisha kwamba mtu wa 1780 ni babu wa mtu wa 1880, lazima kila pingili ya katikati iwe na karatasi yake. Watu wengi huchukua jina kubwa la zamani na kulishusha kuja chini hadi limfikie nyanya yao. Huko ni kujitafutia sifa.

Kama kuna Biblia ya familia, tazama kwanza mwaka iliyochapishwa. Biblia ya mwaka 1840 yenye orodha ya waliozaliwa kuanzia 1765, yote kwa mwandiko mmoja na wino mmoja, iliandikwa kwa mkupuo na mtu aliyekuwa akikumbuka au akinakili. Bado ina thamani, lakini si shahidi aliyeona kwa macho.

Hatua ya pili: panda ngazi ya sensa hadi inapokatika

Marekani huhesabu watu kila miaka 10 tangu 1790. Fomu hufungwa kwa miaka 72, kwa hiyo ya karibuni kabisa unayoweza kuisoma ni ya 1950, iliyofunguliwa mwaka 2022. Ziko bure kwenye tovuti ya FamilySearch, inayoendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Unafungua akaunti tu, hata ukiwa Mombasa.

Shuka nazo. Ile ya 1880 ina hazina yake: inaonyesha kila mtu ana uhusiano gani na mkuu wa kaya, na wazazi wake walizaliwa jimbo gani. Ya 1890 karibu yote ilipotea kwa moto uliotokea Washington mwaka 1921, usihangaike nayo. Ya 1850 ndiyo ya kwanza kuandika jina la kila mtu huru aliyekuwa ndani ya nyumba, pamoja na umri na mahali alipozaliwa.

Nyuma ya 1850 ngazi inakatika. Kuanzia 1790 hadi 1840 ameandikwa mkuu wa kaya peke yake. Mke na watoto ni tarakimu ndani ya visanduku vya umri. Usizidharau tarakimu hizo. Mwanamke aliyehesabiwa 1830 na hayupo 1840 amekupa muongo wa kumtafutia kaburi. Nyuma zaidi, au pale fomu zilipopotea (za Virginia za 1790 hazipo), tumia orodha za walipa kodi za kila mwaka. Hizo mimi nazipenda kuliko sensa: mtu akitoweka kwenye orodha ya 1783 na badala yake akaonekana mjane wake, umeshajua alifariki lini bila kuona jiwe lolote.

Hatua ya tatu: mipaka nayo ilihama

Hapa ndipo wengi wanakwama, kwa hiyo tuende polepole.

Daniel Boone alizaliwa mwaka 1734 mahali ambapo leo ni Kaunti ya Berks, Pennsylvania. Lakini Berks iliundwa mwaka 1752. Ukienda Berks kutafuta hati ya 1734 utaambiwa hakuna, na kweli hakuna: wakati huo pale palikuwa Kaunti ya Philadelphia. Nyumba haikusogea hata hatua moja. Ofisi ndiyo iliyobadilika.

Baba yake, Squire Boone, amezikwa Mocksville, North Carolina. Ramani ya leo inasema Kaunti ya Davie. Davie ilimegwa kutoka Rowan mwaka 1836. Rowan ilimegwa kutoka Anson mwaka 1753. Anson kutoka Bladen mwaka 1750. Kwa shamba moja la mtu mmoja unaweza kulazimika kufungua makabrasha ya kaunti tatu.

Kentucky ilikuwa nchi ya kuwindia ya wenyeji wa asili, Washawnee na Wacherokee, kisha Virginia ikajitangazia kuwa ni kaunti yake mwaka 1776, ikaigawa kuwa kaunti tatu mwaka 1780, na ikawa jimbo mwaka 1792. Na Boone alipohamia Missouri mwaka 1799, hakuwa akihamia Marekani hata kidogo. Ile ilikuwa Louisiana ya Juu, chini ya mfalme wa Hispania. Wahispania walimpa ardhi na kumfanya mwamuzi wa wilaya ya Femme Osage. Marekani ilipoinunua Louisiana mwaka 1803, hati zake zilionekana hazikukamilika na shamba likapotea. Bunge likamrudishia mwaka 1814 baada ya kulalamika sana. Kwa hiyo anayefuatilia ukoo uliofika Missouri kabla ya 1803 ajiandae kukutana na karatasi za Kihispania na Kifaransa.

La kufanya: kabla ya kutafuta jina lolote, andika kwenye karatasi "mahali hapa, mwaka huu, palikuwa chini ya kaunti gani?" Kwenye FamilySearch kila kaunti ina ukurasa unaoeleza ilizaliwa lini na kutoka wapi, na mahakama yake iliungua mwaka gani kama iliungua. Zipo zilizoungua zaidi ya mara moja. Zikiungua za kaunti, tafuta za jimbo: ruzuku za ardhi na nakala za kodi mara nyingi ziliwekwa makao makuu.

Hatua ya nne: soma tarehe kwa kalenda ya wenyewe

Waingereza na makoloni yao walifuata kalenda ya kale hadi mwaka 1752. Mwaka huo, tarehe 2 Septemba watu walilala, wakaamka tarehe 14. Tena kabla ya hapo mwaka mpya kisheria ulianza tarehe 25 Machi, si Januari mosi. Ndiyo maana utakuta tarehe iliyoandikwa "10 Februari 1731/32". Mwandishi hakuwa na shaka; alikuwa anakuambia kwamba kwa hesabu ya kale bado ni 1731, kwa hesabu mpya ni 1732. George Washington mwenyewe alizaliwa 11 Februari 1731, na siku yake ya kuzaliwa husherehekewa 22 Februari 1732. Zote ni sahihi. Hali kadhalika Boone: 22 Oktoba kwa kalenda ya kale, 2 Novemba kwa mpya. Ukiwaona wawili wanagombana mtandaoni juu ya tarehe hizo mbili, pita zako.

Kina Boone walikuwa Marafiki, wale waitwao Quaker. Kwa Mkenya wa Magharibi hao si wageni: ni Marafiki hao hao walioanzisha misheni ya Kaimosi mwaka 1902. Marafiki wa zamani walikataa majina ya miezi kwa sababu yalitokana na miungu ya kipagani, wakaihesabu kwa nambari, na mwezi wa kwanza ulikuwa Machi. Basi mwezi wa saba ni Septemba, na wa nane ni Oktoba.

Squire Boone alimwoa Sarah Morgan tarehe 23 ya mwezi wa saba, mwaka 1720. Hesabu mwenyewe: Septemba. Lakini tafuta leo uone ni wangapi wameandika Julai. Sisi tuna bahati katika jambo hili. Mtu aliyekulia na saa saba ambayo mishale inaonyesha 1 hashangai kusikia mwezi wa saba ambao si Julai, anauliza tu, "Mnaanza kuhesabu kutoka wapi?"

Nakili tarehe kama ulivyoikuta, neno kwa neno, ndipo uandike tafsiri yako pembeni. Ukiibadilisha na kuitupa ya asili, atakayekuja baada yako hatajua kama tayari ulishazitoa siku 11, naye atazitoa tena.

Hatua ya tano: fuata njia, na fuata majirani

Hakuna orodha za abiria za serikali ya Marekani kabla ya mwaka 1820. Sheria ya kuwataka manahodha wazikabidhi ilipitishwa 1819. Ellis Island ambayo kila mtu anaitaja ilifunguliwa 1892. Kwa hiyo babu wa 1717 hayumo humo hata ukeshe. Mafungu machache yameandikwa: Wajerumani walioshuka Philadelphia, kwa mfano, kuanzia 1727 walitakiwa kuapa utii, na orodha zao zipo. Kwa wengine, kanisa ndilo bandari yako.

Rafiki, yaani Quaker, akihama, alipewa cheti na mkutano wake wa kila mwezi (ndio ushirika wa kanisa lake) kumtambulisha kule aendako: ni mtu mwema, hana deni, anaruhusiwa kuoa. Cheti kiliandikwa alikotoka na kusomwa alikofika. Mwaka 1717, siku ya 31 ya mwezi wa nane, mkutano wa Gwynedd karibu na Philadelphia uliandika kwamba George Boone, babu yake Daniel, ameleta cheti kutoka mkutano wa Cullompton, Devon. Mstari mmoja, na bahari ya Atlantiki imeshavukwa. Hakuna meli itakayokupa zaidi ya hapo.

Vitabu hivyo hivyo vinaeleza pia kwa nini watu waliondoka. Mwaka 1742 binti ya Squire aliolewa na mtu asiye Rafiki. Squire akasimama mkutanoni akaomba radhi. Mwaka 1747 mwanawe Israel naye akaoa nje. Safari hii mzee aligoma kuomba radhi, na 1748 akatengwa na mkutano. Mwaka 1750 akauza shamba, akapakia magari, akaelekea kusini. Huwezi kujua kama ugomvi wa kanisa ndio uliomng'oa au ni bei ya ardhi iliyopanda. Mimi naona vyote viwili, kwa sababu wengi waliohama wakati ule hawakugombana na mtu yeyote.

Njia yao iliitwa Great Wagon Road. Ilitoka Philadelphia, ikapita Lancaster na York, ikavuka mto Potomac, ikateremka Bonde la Shenandoah kupitia Winchester na Staunton, kisha ikageukia North Carolina hadi Salem na Salisbury. Weka ramani yake ukutani. Mtu aliyezaliwa Lancaster 1740 na kufariki Rowan 1800 ni rahisi sana kuwa ametua kwa miaka miwili mitatu mahali fulani katika bonde lile, akabatiza mtoto, akashuhudia hati ya jirani, akaondoka. Kina Boone wenyewe walisimama Linville Creek, Virginia, kabla ya kufika mto Yadkin.

Wala hawakusafiri peke yao. Ukoo wa Bryan ulitangulia kutoka Pennsylvania kupitia karibu na Winchester hadi Yadkin. Huko Daniel akamwoa Rebecca Bryan mwaka 1756. Ukoo wa Lincoln ulikuwa jirani na kina Boone kule Pennsylvania. Lincoln mmoja alimwoa binamu yake Daniel mwaka 1760. John Lincoln akahamia Linville Creek, pale pale walipopita kina Boone, mwaka 1768. Mwanawe akaenda Kentucky mwanzoni mwa miaka ya 1780 na akauawa huko 1786. Mjukuu wa huyo aliyeuawa akawa rais. Kwa hiyo babu yako akikupotea Virginia, acha kumtafuta yeye. Chukua majina ya waliopakana naye, walioshuhudia wasia wake na waliomdhamini, uwatafute hao. Ukikuta watatu kati yao wako pamoja kwenye kaunti moja ya Kentucky, naye yuko karibu.

Sasa ardhi, kwa sababu mtu anaweza kukwepa sensa lakini hatakubali shamba lisiandikwe. Tafuta hati mbili: ya kuuza alikotoka na ya kununua alikofikia. Squire aliuza Pennsylvania 1750, na 1753 akapata ekari 640 North Carolina kutoka kwa Earl Granville, bwana wa Kiingereza aliyemiliki nusu ya kaskazini ya koloni lile. Hati ya kuuza huwa na jina la mke pia, maana mke alikuwa na haki ya thuluthi na ilibidi aiachilie. Kwa wanawake wengi wa zama hizo, hiyo ndiyo karatasi pekee inayowataja.

Lugha ya mipaka ni kama ile ya hati za kale za mashamba ya pwani yetu: kutoka mwaloni mweupe, fuata mstari wa shamba la fulani, hadi kijito. Walipima kwa fito. Ufito mmoja ni futi 16 na nusu, na fito 320 ni maili moja. Ichore kwenye karatasi ya miraba. Ukichora na mashamba ya majirani, yataungana kama vipande vya kanga iliyochanwa, na mara nyingi utaona penyewe ni wapi palipo makaburi ya familia. Katika majimbo yaliyopimwa baadaye na serikali kuu, kama Ohio, Indiana na Missouri, ardhi iligawanywa kwa miraba, na hati za kwanza zinatafutwa bure kwenye tovuti ya Bureau of Land Management, idara ya ardhi ya serikali kuu.

Hatua ya sita: mirathi na malipo ya uzeeni

Nitapita haraka. Usisome wasia ukaishia hapo. Omba faili lote la mirathi. Hesabu za msimamizi zina malipo ya jeneza, ya mchimba kaburi, ya pombe ya matanga (ndiyo, walilipia), na mnada wa vyombo ambamo wanunuzi wengi ni watoto na wakwe. Neno "infant" humo halimaanishi mtoto mchanga. Ni yeyote aliye chini ya miaka 21. "Junior" na "senior" wanaweza kuwa mjomba na mpwa, au watu wawili wasiohusiana kabisa wanaoishi kijiji kimoja.

Kama babu alipigana vita vya uhuru na kuishi hadi 1832, umebahatika. Sheria ya mwaka huo iliwataka wazee waliodai malipo ya uzeeni waape mahakamani na kujibu: ulizaliwa wapi na lini, ulikuwa unaishi wapi ulipoitwa vitani, umeishi wapi tangu hapo, unaishi wapi sasa. Ni historia nzima ya kuhama kwa kinywa chake mwenyewe. Mafaili hayo yako Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Washington.

Hatua ya saba: sasa kaburi

Ondoa kwanza matarajio. Makaburi mengi ya Marekani ya zamani hayana maandishi. Watu walizikwa pembeni ya shamba, wakawekewa jiwe la kuokota kichwani na jingine miguuni, au ubao uliooza ndani ya miaka 20. Marafiki walikataza mawe ya makaburi wakiyaona ni majivuno. Babu George Boone alifariki 1744, akiacha watoto, wajukuu na vitukuu 70, idadi ambayo familia iliilinganisha na nyumba ya Yakobo ilipoingia Misri. Amezikwa kwenye uwanja wa Marafiki wa Exeter, ambako makaburi mengi ya kale hayana alama yoyote.

Anza na tovuti ya Find a Grave, lakini uisome kwa jicho la mnunuzi wa samaki. Kila ukurasa jiulize: kuna picha ya jiwe, au ni maneno tu? Maneno bila picha mara nyingi mtu ameyachukua kwenye mti wa ukoo wa mtu mwingine, na "alizikwa hapa" maana yake ni "alikufa karibu na hapa". Kukiwa na picha, litazame jiwe lenyewe. Marumaru inayong'aa yenye herufi za mashine kwa mtu wa 1760 iliwekwa na wajukuu karne moja na nusu baadaye. Walijuaje? Wakati mwingine walijua kweli, wakati mwingine walibahatisha.

Jiwe la Squire Boone, makaburini Joppa, ni la kale kweli. Herufi zimechongwa na mtu aliyeandika kama alivyotamka. Linasema alifariki Januari 1765 katika mwaka wa 69 wa umri wake. Hapo pana mtego: mwaka wa 69 ni mtu mwenye miaka 68 kamili. Alizaliwa Novemba 1696, na hesabu inakubali. Ukimhesabia miaka 69 kamili utamrudisha nyuma mwaka mzima, hadi Novemba 1695, na kuanza kumtafuta pacha asiyekuwepo.

Baada ya hapo tafuta orodha zilizoandikwa wakati mawe bado yanasomeka. Miaka ya 1930 serikali iliwalipa watu wasio na kazi waorodheshe makaburi katika majimbo mengi. Nakala ziko kwenye maktaba za kaunti. Ramani za zamani za USGS, idara ya jiolojia ya Marekani, zinaonyesha vijiwanja vya makaburi mashambani ambavyo leo vimemezwa na msitu. Piga simu kwenye maktaba ya kaunti na uombe chumba cha historia. Huko daima kuna mama mmoja mstaafu anayejua kila kitu; mpe salamu kamili kabla ya swali, atakufungulia makabati.

Ukienda mwenyewe, nenda asubuhi au jioni jua likiwa limelala, au chukua kioo kikubwa umulike jiwe kutoka ubavuni. Herufi zilizofutika huinuka. Safisha kwa maji na brashi laini tu. Usipake krimu ya kunyolea, chaki wala jiki, ingawa utaona watu wakifanya hivyo. Jiwe huliwa taratibu kwa miaka baadaye. Shamba la mtu binafsi liombee ruhusa kwanza. Virginia, kwa mfano, ina sheria inayowapa wazao haki ya kuingia kuzuru makaburi yaliyo kwenye ardhi ya mtu, lakini haki hiyo haimzuii mbwa.

Na makaburi mawili ya Boone? Alifariki 26 Septemba 1820, akazikwa karibu na mkewe Rebecca kwenye shamba la kina Bryan, Tuque Creek, Missouri. Mwaka 1845 watu wa Kentucky walikuja, wakafukua, wakaipeleka mifupa Frankfort kwenye makaburi mapya yaliyohitaji jina kubwa. Baadaye Missouri ikaanza kusimuliwa kwamba jiwe lilikuwa limewekwa juu ya kaburi siyo, na ndugu waliojua walinyamaza wakaacha wageni wabebe mifupa ya mtu mwingine. Hakuna karatasi ya wakati ule inayothibitisha hivyo. Lakini mwaka 1983 mtaalamu wa mifupa alichunguza nakala ya plasta ya fuvu, iliyotengenezwa kabla ya maziko ya Kentucky, akasema huenda ni la mtu mweusi. Nakala ni duni, na neno lake ni "huenda". Hata hivyo watumwa walizikwa pale pale Tuque Creek.

Njia ikipita utumwani

Nimetaja hilo kwa makusudi. Orodha ya kodi ya 1787 inamwonyesha Boone akiwa na watumwa 7. Ukimtafuta babu mwenye shamba utawakuta na wao, kwenye wasia na orodha za mali, kwa jina moja moja baina ya farasi na vitanda. Tafadhali nakili majina hayo. Kuna mtu anayatafuta.

Kama unayemtafuta ndiye aliyetumikishwa, utapanda sensa hadi 1870, ya kwanza kuwaandika wote waliokombolewa kwa majina yao. Zile za watumwa za 1850 na 1860 zina jina la mmiliki, kisha umri na jinsia tu. Vuka ukuta huo kwa kumbukumbu za Benki ya Freedman's, benki ya waliokombolewa, 1865 hadi 1874, ambako mteja aliulizwa alizaliwa wapi na nani ni wazazi na ndugu zake. Halafu ingia kwenye mirathi ya mmiliki. Wengi walitoka Afrika Magharibi na Angola, lakini si wote. Kati ya 1719 na 1721 meli kadhaa zilileta watu Virginia kutoka Madagaska. Hifadhidata ya SlaveVoyages inazo safari hizo.

Kwao makaburi yenye majina ni machache. Mwaka 1991 wajenzi wa jengo la serikali Manhattan waligonga mifupa. Yalifukuliwa mabaki ya watu zaidi ya 400 wa enzi ya ukoloni, wakazikwa upya mwaka 2003, na eneo likatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 2006. Kwenye mashamba ya kusini tafuta mashimo ya kina kifupi yaliyopangwa kuelekea mashariki, kombe, vyungu vilivyovunjwa, na majani ya kijani ya vinka yaliyotambaa msituni mahali ambapo hakuna nyumba. Ukiyaona, usichimbe, usiokote. Chukua picha na vipimo vya GPS, uipigie ofisi ya akiolojia ya jimbo.

Kuandika ulichopata

Kwa kila mtu andika ukurasa mmoja: tarehe kama ilivyo kwenye asili, mahali kwa jina la wakati ule na la leo, karatasi gani inasema hivyo, na umeamini kiasi gani. Vyanzo viwili vikigongana, viache vyote na ueleze. Mimi kwa mzee wa mama mkwe nina hati ya kununua, orodha tatu za kodi na faili la mirathi lenye malipo ya jeneza ya mwaka 1791. Jiwe sina. Mahali pa kaburi nimeandika "yaelekea ni kona ya kaskazini ya shamba, penye mierezi miwili," nikaacha nakala moja kwenye maktaba ya kaunti na nyingine ndani ya ile Biblia, ambayo sasa imeshonwa jalada.